Aliyetoa Taarifa

Nilipopigiwa simu kuambiwa kwamba Mwalimu Shayo amefariki, kabla sijasema pole nilitaka kujua aliyenipigia kapata wapi namba yangu. Ndivyo nilivyo. Wanangu wanasema hata mtu akinisalimia vizuri namtazama mara mbili, na sikatai, maana tabia hiyo ndiyo iliyonilisha. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua kampuni za ndege, kuuliza kwa nini tairi lile lina mkwaruzo na nani alisaini kwamba halina. Aliyenipigia alikuwa Haika. Tulilala chumba kimoja mwaka mzima tukiwa wanafunzi wa Mwalimu, na tangu mwaka ule uishe hatukuwa tumesemezana. “Mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwake Mwika,” alisema. “Ukifika Moshi nitakupitia na gari.” Nikamuuliza kwa nini ajisumbue. Akasema, “Kwa sababu huko juu njia zimebadilika na wewe ni mgeni, Salome.” Nywele zimeota mvi na bado nilikuwa mgeni. Nikakubali anipitie, ila nikalala nikijiuliza anataka nini.

Chuo chetu kilikuwa ghorofa moja ya kupanga mjini Moshi, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo ukipanda ngazi unanusa dawa ya kuoshea ng'ombe kabla hujanusa chaki. Tulisomea uratibu wa safari za ndege: yule mtu anayekaa chini na kumpangia rubani mafuta, njia na hali ya hewa, kisha anaweka sahihi kwamba ndege inaweza kuondoka. Wengi tuliingia tukidhani tutafundishwa ndege. Tukafundishwa sheria. Asubuhi sheria, mchana sheria, na baada ya chai ya saa nne, ile yenye maandazi magumu, kanuni ndogo ndogo zilizo chini ya sheria. Nani mwenye neno la mwisho ndani ya ndege. Rubani apumzike kiasi gani kabla hajaitwa tena. Mkataba wa mataifa unasema nini na viambatisho vyake vinaongeza nini. Mwalimu Shayo alikuwa mwongoza ndege mstaafu, mrefu, mwenye sweta la kijani lililoliwa na nondo kwenye viwiko, na alikuwa na desturi ya kusoma kila kifungu kwa sauti mara mbili, mara ya kwanza kwa Kiingereza kilichoandikiwa, mara ya pili kwa Kiswahili chake mwenyewe. “Msikimbie,” alikuwa akituambia. “Mstari kama huu, watu hawakukaa wakauandika kwa sababu walikuwa hawana kazi.” Nilimpenda mapema. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba kuuliza sana si utovu wa adabu.

Na nilikuwa nauliza. Siku tuliyofika kwenye kifungu kinachomkataza rubani kurusha ndege kabla hazijapita saa nane tangu anywe kilevi, niliinua mkono. “Mwalimu, na mbege?” Darasa zima lilicheka. Mimi nimekulia kwenye kambi ya kiwanda cha sukari, huko tambarare, kati ya watu waliotoka kila mkoa kuja kukata miwa, na kwetu kinywaji kinachomfanya baba wa watu aimbe njiani ni pombe, basi. Wenzangu wengi walikuwa Wachagga wa mlimani, na kwao mbege ilikuwa ndizi na ulezi, kitu cha kushibisha, kitu cha harusi na cha matanga. Hata wazee wa kanisa walioikataa bia kabisa waliinywa bila kuona kwamba wametenda kosa. Haika, aliyeketi karibu yangu, alinipiga kiwiko akasema kwa sauti ya chini, “Kyasaka wewe utatuua kwa kicheko.” Kyasaka ndilo jina lao kwa kila asiye wa kwao, na aliponiita hivyo wakati ule lilikuwa na utani ndani yake. Mwalimu hakucheka. Alisema, “Kanuni haijui ndizi. Inajua kilevi,” akafungua ukurasa mwingine.

Haika na mimi tulipanga chumba mtaa wa Soweto, pale pale Moshi, kwa mama mmoja mjane aliyefuga kuku uani. Kuta za vyumba zilikuwa hazifiki darini, kwa hiyo kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili, na mwanzoni hilo lilitupa raha tu. Tulipika kwa zamu kwenye jiko la mkaa kibarazani. Zamu yake ilikuwa kiburu, ndizi zilizopondwa pamoja na maharage mpaka mwiko unasimama wenyewe, na zamu yangu ilikuwa ugali na dagaa, ambao yeye aliula kwa heshima na kuuteta baadaye. Tulikaririshana vifungu huku tunachambua mchele. Yeye alikuwa na kichwa cha kushika maneno, mimi nilikuwa na kichwa cha kutafuta tundu ndani ya maneno, na tulikubaliana kwamba tukifungwa pamoja tungepata mtu mmoja mwenye akili. Tena tulikuwa na hofu moja. Mjini kulikuwa na kampuni moja tu ndogo ya ndege iliyochukua wanafunzi kwa mazoezi ya vitendo, na bila mazoezi hayo hukuweza kufanya mtihani wa leseni. Ukikosa nafasi pale, mwaka wako umekwisha bure. Mimi sikuwa na mwaka mwingine wa kutumia, maana nyumbani walishaanza kuniuliza kama ndege zinalisha watu.

Mwalimu alitualika Mwika Jumapili ambayo mwanawe Elia alipata kipaimara. Tulipanda huko Haika na mimi, tukapelekwa moja kwa moja jikoni kumenya ndizi za machalari, zile zinazopikwa na nyama, kwa sababu msichana akifika kwenye sherehe hawi mgeni, anakuwa mikono. Mkewe Mwalimu, Mama Elia, alitugawia visu na mabeseni. Kutoka pale mlangoni niliona uwanja wote: migomba, mibuni chini yake, wanaume kwenye mabenchi, na katikati yao Kapteni Mbuya, rubani wa ile kampuni tuliyoitegemea, rafiki wa Mwalimu tangu ujanani. Alikuwa mtu wa kupendeza macho, mcheshi, mwenye viatu vilivyong'aa hata kwenye tope la mlimani. Mwalimu alimmiminia mbege mwenyewe. Kwa desturi yao mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu, na Mwalimu aliipeleka ile kata ya kibuyu mdomoni, akameza, ndipo akampa Kapteni kwa mikono miwili. Niliipenda sana desturi hiyo. Ilinifaa mtu kama mimi.

Kata ilizunguka, ikarudi, ikazunguka tena. Jua lilipoanza kulegea dereva wa kampuni alifika na Land Rover. Rubani mwingine ameugua tumbo, alisema, na kuna watalii wanaotakiwa kufikishwa mbugani kabla ya giza. Kapteni aliinuka, akajifuta povu kwenye sharubu, akashika mkono wa mwenyeji wake, akaingia garini. Hakupepesuka. Hakuna hata mmoja pale uwanjani aliyekunja uso. Mimi nilibaki na kisu hewani.

“Huyu si anakwenda kurusha ndege?” nilisema.

“Ndiyo kazi yake,” Haika akajibu.

“Lakini amekunywa.”

“Amekunywa nini? Ile ni mbege, Salome. Menya ndizi.”

Mama Elia alikuwa ametugeuzia mgongo, anakoroga chungu. Ndege ile ilikwenda, ikatua salama, na kesho yake Kapteni alionekana mjini ananunua gazeti. Ningekuwa mtu mwingine ningesahau.

Wiki chache baadaye wakaguzi walikuja kutoka Dar es Salaam. Walikaa ofisini kwa kampuni mlango umefungwa, wakamhoji dereva, wakamhoji Kapteni mwenyewe, na hawakuondoka mpaka leseni yake imesimamishwa. Mtu alikuwa ametoa taarifa. Kampuni haikungoja uchunguzi uishe, ilimfukuza Kapteni kazi kuwaonyesha wakubwa kwamba haina mchezo. Habari ilipanda mlimani haraka kuliko gari lolote, na ilipofika darasani ilikuwa tayari na jina langu. Nani aliuliza habari za mbege? Nani si wa huku? Hakuna aliyeniambia usoni. Walikuwa tu wanaacha kuongea nikiingia, na daftari langu la mazoezi, ambalo zamani lilikuwa linaazimwa na kila mtu, likaanza kubaki mezani kwangu. Jioni moja nimelala chumbani na malaria, Haika akidhani nimekwenda zahanati, nilimsikia kupitia juu ya ule ukuta usiofika darini akimwambia mama mwenye nyumba, “Mimi nafikiri ni yeye. Mtu wa kambini hana uchungu na mtu wa huku.” Mama akauliza, “Alikuambia?” Haika akasema, “Aliniambia siku ile ile. Alisema, amekunywa.”

Sasa nifikirieni mimi. Maneno yale niliyasema jikoni, na masikio niliyoyakumbuka kule jikoni yalikuwa ya Haika. Mimi nilijua kwamba sikutoa taarifa. Basi nani mwingine alikuwa na habari ya kutoa, na nani mwingine angefaidika iwapo wote wangenitazama mimi? Nafasi za mazoezi zilikuwa chache na yeye alizitaka kama nilivyozitaka. Nikaanza kumchunguza. Akichelewa kurudi nilijiuliza ametoka kwa nani, akininyamazia nilisema anaficha, na akinichekea nilisema anaficha zaidi. Tulipika kila mtu chungu chake kwenye jiko lile lile. Nadhani hakuna chumba Soweto kilichokuwa na watu wawili wanaochungana kwa uangalifu kama sisi, na wote wawili tulikuwa tunasomea usalama.

Wiki ile ile ya wakaguzi Mwalimu alifundisha kifungu cha kulinda jina la mtoa taarifa, ingawa zamu yake ilikuwa bado kufika. Alikisoma mara mbili, kisha akakisoma mara ya tatu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. “Jina lake halitajwi,” alisema. “Halitajwi kwa mkubwa, halitajwi kwa rafiki, na si kazi ya mtu yeyote kulitafuta. Mkianza kuwatafuta wanaosema, watu watanyamaza, na ndege zitaanguka huku kila mtu anajua kwa nini.” Darasa zima liligeuka likanitazama. Niliona uso unanipanda joto, lakini moyoni nilimshukuru, maana nilidhani ananikinga.

Majina ya waliopata nafasi kwenye kampuni yalipotoka, Haika alikuwamo, mimi sikuwamo. Nilikwenda kumwona meneja. Hakunikaribisha kiti. “Binti, hapa hatuchukui wapelelezi,” alisema, akarudia simu yake. Nilirudi chuoni nikamkuta Mwalimu peke yake darasani anafuta ubao. Nilimweleza na machozi yakanitoka, na huwa sipendi kulia mbele ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho. “Si lazima uniambie kama ni wewe au si wewe,” alisema. “Kanuni inakulinda.”

“Kanuni inamlinda aliyesema, Mwalimu. Mimi sikusema. Mimi nani ananilinda?”

Alifuta sehemu ya ubao iliyokwisha kuwa safi. Kisha akasema atanitafutia nafasi Arusha kwa mtu anayefahamiana naye, na alinitafutia kweli, akapanda basi mwenyewe kwenda kuniombea. Nilifanya mazoezi yangu kule, nikafaulu mtihani, nikaajiriwa. Kila nilichokuwa baadaye kilianzia kwenye safari yake hiyo. Hata hivyo wakati ule nilijiuliza: mzee huyu ana wanafunzi wangapi, na mbona ni mimi tu anayenipandia basi? Nilijikemea kwamba nimezoea vibaya, kwamba wema ukija ni wa kupokea.

Haya yote niliyawaza Jumamosi ile nikiwa kwenye gari la Haika. Amenenepa, amekuwa bibi, na anaingia kona mapema mno, jambo lililonifanya nishike mlango. Tulizungumza wajukuu, tukazungumza bei ya kahawa, tukamaliza. Tulipopita Himo na kuanza kupanda alipunguza mwendo. “Nikuulize mara moja, na ukinijibu sitauliza tena,” alisema. “Ni wewe?”

“Si mimi, Haika. Naapa kwa Mungu. Mimi miaka yote nilidhani ni wewe.”

Aligeuka akanitazama muda mrefu kuliko inavyofaa kwa dereva, halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka akasimamisha gari kando ili tujifute macho. “Nimekuamini,” alisema. Akanishika mkono. Nilijisikia mwepesi, sitaki kuficha. Wanawake wazima wawili tulifika msibani tumeshikana kama wasichana.

Haika alikwenda kuketi na waombolezaji, mimi nikamkuta Mama Elia jikoni, ingawa mfiwa hapaswi kuwa jikoni. Alisema kule ndani wanamchosha kwa pole. Nilimwamkia, akaitikia, akawatoa mabinti waliokuwa wanaosha masufuria na kunivuta karibu na mafiga. Amezeeka, lakini sauti yake ni ile ile. “Siku ile ya kipaimara ulisema neno hapa hapa,” alisema. “Wageni walipoondoka nikamsimulia mwenzangu, huyu tunayemzika leo, nikidhani atacheka. Hakucheka. Kesho yake alishuka mjini, akaenda kusema kwa wahusika.”

Sikuelewa mara moja. Nilimwambia arudie, akarudia.

“Kwa nini hakusema kwamba ni yeye?” niliuliza.

“Angesemaje, mwanangu? Mgeni wake, mbege yake, kata ameionja mwenyewe ndipo akampa. Huku mtu akimnywesha mgeni halafu akaenda kumshtaki kwa kinywaji hicho hicho, hazikwi na watu. Leo ningemzika mimi na ng'ombe.”

“Na mimi je, Mama?”

Alichochea moto usiohitaji kuchochewa. “Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, Salome ataondoka, sisi tunabaki. Lakini hakuwa na raha. Alipoanza kuumwa aliniagiza nikuambie, akasema utajua mwenyewe la kufanya.”

Nilikasirika. Sikwenda kumwaga mchanga kaburini pamoja na wanafunzi wengine, nilisimama kwenye mibuni nikaacha waimbe. Alifanya jambo ambalo ningelifanya mimi, na kwa uzoefu wangu wa ukaguzi nasema alifanya sawa kabisa, rubani yule hakupaswa kuingia kwenye ndege. Halafu akalichukua kosa la kusema ukweli akaliweka kichwani kwa msichana asiye na ndugu mlimani, akampandia basi kwenda Arusha. Kifungu kile alichokisoma mara tatu alikuwa anakisoma kwa ajili yake. Labda na kwa ajili yangu pia, sijui, na huyo wa kumwuliza ndiye wanayemfukia.

Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai na sahani zetu, Haika upande wangu wa kushoto. Mzee mmoja alikuja na fimbo, mjukuu akamwekea kiti mbele yangu, akaondoka. Viatu vyake ndivyo vilivyonijulisha, vilikuwa vinang'aa.

“Shikamoo, Kapteni.”

“Marahaba. Nimeambiwa ni wewe, nikasema nisife kabla sijakuona.” Aliniuliza kazi, nikamwambia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye hakurudi tena kwenye ndege, alifungua duka mtaa wa Pasua, mjini Moshi, anauza misumari na rangi. “Nilikuchukia sana,” alisema, bila ukali. “Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiona ndege inapita nakutaja jina. Watu walinikimbia. Ni huyu tu tuliyemzika leo hakunikimbia. Kila wiki alishuka mpaka dukani, ananunua misumari asiyo na kazi nayo, tunakaa. Rafiki nimekuwa naye mmoja duniani.” Alikohoa, akanitazama vizuri. “Basi nilitaka uisikie kwangu. Nimeshakusamehe, binti yangu. Wewe ulikuwa mtoto tu, na kwa sheria ulikuwa sahihi.”

Mama Elia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko anatutazama, ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu na lilikuwa la kweli. Nilimwangalia yule mzee. Alikuwa amenisogezea mkono, anangoja niupokee.

Niliupokea. “Asante, Kapteni,” nilisema. “Asante kwa kunisamehe.”

Haika aliacha kutafuna. Aliweka sahani yake chini polepole, akachukua mkoba wake, akahamia kiti cha upande wa pili wa turubai.